Maelekezo kwa Mwenye Ukuta Mtupu

Bwenini tulikuwa na daftari moja lililozunguka vitanda vyote. Kila ukurasa ulikuwa na maswali yale yale: jina lako, siku ya kuzaliwa, chakula unachopenda, rafiki wa moyoni, rangi uipendayo. Lilipofika kwangu, wenzangu karibu wote walikuwa wameandika bluu. Nami nikaandika bluu, nikalipitisha kitanda cha pili. Swali lile halikuishia pale. Ukubwani hurudi siku fundi rangi anaposimama sebuleni kwako na ndoo mkononi, akasema, “Haya dada, tunapiga rangi gani?” Hurudi tena wiki inayofuata, mgeni anapomaliza chai, akautazama ukuta ulio mbele yake na kuuliza mbona hujatundika kitu.

Maelekezo haya ni ya mtu aliyefikwa na siku hiyo. Yanakwenda kutoka Jumatatu hadi Jumamosi, na hayadai fedha nyingi mpaka karibu na mwisho.

Kwanza kabisa, mkatalie fundi krimu. Atakuambia krimu haichoshi macho, haionyeshi vumbi, na nyumba zote alizopaka mtaani ni krimu. Anasema kweli katika yote matatu, na hilo la tatu ndilo sababu ya kukataa. Mpe chai, mlipe nauli, mwambie aje Jumamosi. Akinuna, mwongeze kitafunwa.

Akishaondoka, kaa chini uhesabu rangi za Kiswahili. Zinakwisha upesi. Zilizo sifa kamili, zinazokubali kuvaa kiambishi cha jina lolote, ni tatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Ndiyo maana tunasema kiti cheusi, gari jekundu, ukuta mweupe. Ukitoka hapo, lugha inakushika mkono na kukupeleka kwenye kitu. Kijani ni jani. Kijivu ni jivu la jikoni. Kahawia ni kahawa. Manjano ni kiungo kile kile kinachobaki kwenye vidole vya mpishi siku mbili baada ya pilau kuliwa. Zambarau ni tunda linaloacha ushahidi kwenye ulimi wa mtoto aliyekatazwa kupanda mti. Waridi ni ua, chungwa ni chungwa, na samawati ni mbingu tulizozipokea kutoka Kiarabu. Halafu ipo damu ya mzee, nyekundu iliyoiva hadi ikakaribia weusi. Itaje kwenye duka la vitambaa na muuzaji atashusha jora lenyewe bila kukuuliza mara mbili. Kisutu, kanga ya harusi ya pwani, imechapwa kwa zile tatu za mwanzo: nyeupe, nyeusi, nyekundu. Bibi harusi anafunikwa kwa rangi ambazo lugha haikulazimika kuzitafutia mti wala jivu.

Sasa, mtu anayesema anapenda zambarau na hana mzambarau wowote kichwani bado hajajibu swali. Chukua karatasi. Usiandike jina la rangi. Andika kitu chenye rangi hiyo, mahali kilipokuwa, na mtu aliyekuwa karibu. Nyekundu ya udongo wa barabara ya kwenda kwa shangazi. Kijani cha mpunga kabla haujaiva, siku ulipotumwa kufukuza ndege. Ile bluu ya kufulia iliyomwagika kwenye beseni la mashati ya shule. Ukiandika vitu vitatu, viwili vikawa vya rangi moja, umefika. Vikiwa vya rangi tatu tofauti, lala, uamke uendelee Jumanne.

Wakazi wa Dar es Salaam wana tahadhari yao ya ziada. Ukisema nyekundu utahesabiwa kuwa Simba, ukisema kijani na njano utakuwa Yanga, na baada ya hapo hakuna atakayesikiliza habari za udongo wa kwa shangazi. Kama kweli ni ushabiki, useme waziwazi. Mtu aliyebebwa mabegani na baba yake kwenda kuangalia mpira ana kitu, ana mahali na ana mtu. Karatasi yake imejaa kuliko za wengi.

Jumatano, pima macho. Hili wengi huliruka, na ndilo ninaloliomba kwa msisitizo kuliko yote.

Bibi yangu, mzaliwa wa Tanga, alipata mtoto wa jicho taratibu mno hata yeye hakutambua. Alikuwa na kanga moja aliyoipenda kupita nyingine zote, na kwa miaka kadhaa akawa anaiita “ile yangu ya kahawia.” Kanga ile ilikuwa ya bluu. Tulidhani amechanganya majina, na mtoto hamsahihishi bibi yake, kwa hiyo akiomba ya kahawia tulimletea ya bluu naye akashukuru. Alipofanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza na bandeji ikaondolewa, aliinamisha kichwa akatazama mapajani.

“Mjukuu wangu, hii kanga ya nani?”

“Yako, bibi.”

“Yangu ni ya kahawia.”

“Ndiyo hiyo hiyo, bibi.”

Alishika pindo, akaligeuza, akatafuta maandishi yake, akayasoma kimoyomoyo. Kisha akasema, “Kumbe imerudi.” Aliinunua ikiwa ya bluu, unaona. Ilimponyoka polepole ndani ya jicho lake mwenyewe.

Lenzi ya jicho ikianza kuchakaa huingia umanjano, kisha ukahawia, na mwanga wa bluu ndio wa kwanza kuzuiwa mlangoni. Claude Monet, Mfaransa aliyechora maua ya maji ya bwawa lake kule Giverny mara nyingi kuliko mtu yeyote aliyewahi kuchora bwawa, aliambiwa na daktari mwaka 1912 kwamba ana ugonjwa huo huo. Aliogopa kisu kwa zaidi ya miaka kumi. Picha za miaka ile zimejaa nyekundu na kahawia nzito, naye akawa anapanga rangi zake kwa mpangilio usiobadilika ili mkono ujue zilipo hata jicho lisipojua. Alikubali upasuaji mwaka 1923, akiwa na umri wa miaka 82, na alipofunguliwa macho akalalamika kwamba kila kitu kimekuwa cha bluu kupita kiasi. Nilipoyasoma haya nilimsimulia bibi. Aliuliza kama mzee huyo alikuwa na mke wa kumshika mkono hospitalini. Nikamwambia mkewe alikuwa ametangulia. “Pole yake,” akasema, na tangu siku hiyo Monet amekuwa mtu wa nyumbani kwetu.

Alhamisi, tafuta mchoraji wa ukuta wako, na hapo kwenye kitu na mtu ndipo unapompata. Usianzie kwenye jina kubwa ukashuka kwenye picha. Mgeni anayesema “mimi ni mtu wa Picasso” kabla hajataja hata picha moja ni sawa na anayetangaza ukoo wa mchumba kabla hajamwona mchumba. Anza na karatasi yako ya Jumatatu, kisha utafute ni nani mwingine duniani aliyekisumbukia kitu hicho. Ukiwa umekulia Singida, ukajua jinsi shamba zima la alizeti linavyotazama upande mmoja asubuhi, una haki kamili na Vincent van Gogh, aliyechora alizeti zake kule Arles mwaka 1888. Na utaielewa huzuni ya habari hii kuliko wataalamu: baadhi ya njano aliyotumia ni ya aina isiyostahimili mwanga, na imekuwa ikigeuka kahawia taratibu, kama ua lenyewe linavyofanya shambani. Ukiwa hupendi rangi yoyote, nawe unapo pa kukaa. Picasso alipochora Guernica mwaka 1937, baada ya mji huo wa Hispania kushambuliwa kwa mabomu, aliziweka rangi zote pembeni akatumia nyeusi, nyeupe na kijivu, kwenye turubai lenye urefu wa karibu mita nane. Anayejibu “nyeusi” anapoulizwa rangi aipendayo asiulizwe tena kama ana tatizo.

Karibu na nyumbani kazi ni rahisi zaidi, ila kuna jina moja utakalolazimika kulifafanua. Ukimwambia mjomba wako kwamba unapenda Tingatinga, ataelewa trekta. Vumilia. Mwambie ni mtu, Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, akapita kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, akafika Dar es Salaam na kufanya vibarua vya kila namna. Mnamo 1968 alianza kuchora kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za kupakia baiskeli. Hakuwa na shule ya sanaa wala turubai. Ubao wa mraba wa sentimita 60 hivi, mandhari ya rangi moja iliyotulia, na katikati mnyama mmoja anayekutazama kana kwamba wewe ndiye uliyeingia mbugani kwake bila hodi. Picha ziliuzwa Oyster Bay, pale Morogoro Stores, na wateja wengi walikuwa wageni wa kizungu waliokuja kununua mboga.

Alichora kwa miaka minne tu. Mwaka 1972 polisi walilipiga risasi gari alilokuwamo wakidhani ni la wezi, naye akafa. Kila nikifika hapa nasimama kidogo. Miaka minne ni muda wa mtoto kutoka darasa la kwanza hadi la nne, na katika muda huo mtu mmoja aliacha jina ambalo leo linabeba maelfu ya picha za watu wengine. Ndugu na wanafunzi wake, akina Simon Mpata na Omari Amonde, waliendelea, na mwaka 1990 wachoraji wa Morogoro Stores wakaunda chama cha ushirika chenye jina lake. Kwa hiyo unaponunua “Tingatinga” barabarani, unanunua mkono wa mtu mwingine. Soma sahihi iliyo pembeni ya picha. Huyo ndiye mchoraji wako, na anastahili kuitwa kwa jina lake.

Wengine nitawataja upesi ili usije ukasema hukuambiwa. Anayeota watu wenye masikio makubwa, matumbo ya mviringo na vicheko visivyo na adabu amtafute George Lilanga, Mmakonde aliyewatoa mashetani kwenye mpingo na kuwaingiza kwenye rangi. Anayependa ng'ombe hadi kuwaona wakibembelezana ndotoni, wake ni Jak Katarikawe, Mganda aliyeishi na kuchora Nairobi hadi alipofariki mwaka 2018. Aliye mbali na kwao, akiishi Oslo au Minnesota na kunusa moshi wa jiko la mama yake usingizini, amtazame Sam Ntiro wa Machame. Ntiro alisomea Makerere na London, akawa hata balozi wa Tanganyika kule Uingereza, na popote alipokaa aliendelea kuchora migomba. Picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku inamilikiwa na jumba la sanaa la MoMA, New York. Mbege imefika mbali.

Ijumaa ni siku ya swali gumu: ni picha ipi uliyomo?

Watu wengi hapa hutafuta picha inayowasifu. Mwenye nyumba anachagua simba kwa sababu yeye ndiye baba, binti anachagua kipepeo, na pundamilia wanabaki dukani bila mwenyewe. Huko siko. Nenda kwa akili hadi Murang'a nchini Kenya, kwenye kanisa kuu la ukumbusho wa Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Elimo Njau, kijana wa Marangu, alichora humo michoro mitano mikubwa ya ukutani, akaikamilisha mwaka 1959, kutoka kuzaliwa kwa Yesu hadi kusulubiwa. Yesu ni Mwafrika, na nchi iliyo nyuma yake ni ile waumini waliyoiacha mlangoni walipoingia ibadani. Hawakuhitaji kuambiwa wamo. Njau baadaye, mwaka 1965, alishiriki kuanzisha kituo cha sanaa Nairobi na kukiita Paa ya Paa, jina ambalo mtu asiye Mswahili atalitafuta kamusini mpaka kesho: mnyama mdogo wa porini, na kitendo cha kuruka juu, katika neno moja.

Kisha uvuke ziwa uende Lubumbashi, nchini Kongo. Katika miaka ya 1970 mafundi, makarani na wachimba shaba wa mji ule walitundika picha sebuleni kwao, zilizochorwa na watu wa mtaani kwao kwenye vitambaa vya magunia ya unga na kuuzwa nyumba kwa nyumba. Nyingi zilikuwa za mamba muntu, nusu mwanamke nusu samaki, mwenye kuleta mali na kudai malipo yake. Nyingine ziliitwa Colonie Belge: mfungwa amelazwa anachapwa viboko, afisa Mbelgiji amesimama anaangalia, bendera juu. Nilipokutana na habari hiyo mara ya kwanza nilijiuliza nani anakula chakula cha jioni akitazama viboko. Jibu lilikuwa kwenye Kiswahili chao wenyewe. Picha hizi waliziita ukumbusho. Mtu alirudi kutoka mgodini, akaketi, na picha ikamwuliza: unakumbuka?

Mmoja wa wachoraji hao, Tshibumba Kanda-Matulu, alilichukulia neno hilo kwa uzito kuliko wote. Alijiita mwanahistoria. Mnamo 1973 na 1974 alichora historia yote ya nchi yake katika picha mia moja hivi, huku akimweleza mwanaanthropolojia Johannes Fabian kila picha kwa Kiswahili cha Shaba, jimbo lake. Kifo cha Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa nchi hiyo, amekichora na misalaba mitatu ikionekana nyuma. Hakuna aliyempa darasa la namna ya kuchora huzuni ya taifa. Alikuwa na gunia la unga na kumbukumbu.

Basi chukua neno hilo, ukumbusho, uende nalo dukani. Ukisimama mbele ya picha, liulize swali lao: inanikumbusha nini? Ikikukumbusha picha nyingine uliyoiona hotelini, songa mbele. Ikikukumbusha mtu, kaa hapo.

Mimi nilikwenda Morogoro Stores mwaka mmoja baada ya kumzika bibi. Mchoraji mmoja alikuwa chini amenyoosha miguu, anazungushia madoa meupe kwenye ndege wake kwa ncha ya brashi, doa baada ya doa, na makopo ya rangi yamemzunguka kama watoto. Nyuma yake kulikuwa na picha ya kanga watatu, wale ndege, juu ya bluu tupu. Pwani tunajua kwamba nguo ile iliitwa kanga kwa ajili ya madoa ya ndege huyu. Nilisimama pale muda mrefu hadi akaniambia, “Dada, chukua kiti, hawaruki.” Nikakaa.

Upo utaratibu wa kununua, na unaomba heshima. Salimia kwanza, mwenye mvi umpe shikamoo yake. Tazama ukingo wa picha uone kama rangi ya chini ilikauka kabla ya ile ya juu kuwekwa, maana rangi ya mafuta inataka subira na asiyeisubiri hupata michirizi. Geuza picha utazame mgongo wake. Uliza jina la aliyeichora, hata kama sahihi inasomeka. Omba upunguziwe kidogo, na ukipunguziwa usiombe tena: kila doa lile jeupe ni mkono ulioshuka na kupanda.

Nyumbani, tafuta msumari wa zege, kwa sababu ule wa kawaida utapinda kwenye tofali la saruji na kukuharibia siku. Usiitundike juu karibu na dari, tunavyotundika picha ya Rais dukani. Ishushe mpaka usawa wa macho ya mtu aliyeketi, na uitenge na dirisha la magharibi. Vumbi lifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo.

Jumamosi fundi atabisha hodi. Atakuja na krimu, kwa sababu aliinunua tangu Jumatatu. Mruhusu. Ndege wa rangi za baiskeli wana makelele ya kutosha, na ukuta ulio nyuma yao unatakiwa kunyamaza. Wangu alipanda ngazi, akachovya brashi, akageuka kuuliza aanzie wapi, ndipo akaiona picha niliyoiegemeza kwenye kochi. Alishuka hatua mbili.

“Kanga hao,” akasema. “Kwetu Dodoma walikuwa wanaingia kwenye mtama alfajiri. Mama alikuwa ananiamsha nikawafukuze, nami nasimama tu nawaangalia.”

Krimu ilikuwa inadondoka sakafuni. Hakuna kati yetu aliyesema neno juu yake.